Kukanda bila kuvunja mikono: mwongozo kwa wakandaji wa Goma

Mkono wa mkandaji wa Goma huanza kuchoka kabla mteja wa kwanza hajavua viatu. Bidoni ya maji imeshabebwa, taulo za jana zimeshakamuliwa, mafuta ya nazi yameganda chupani na kidole kimetumika kuyachokonoa. Ndipo masaji yenyewe inaanza. Anayetafuta chanzo cha maumivu ya kidole gumba ndani ya masaji peke yake atapata nusu ya jibu, na ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye maji na taulo.

Jambo la kushika ni hili: nguvu ya masaji itoke miguuni na kwenye uzito wa mwili, na kidole gumba kiwekwe akiba. Ukibana kitu kwa ncha ya gumba na kidole cha shahada kwa nguvu ya kilo 1, kiungo cha chini kabisa cha gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono, kinabeba takriban kilo 12. Kiungo hicho ni kidogo, hakikuumbwa kusukuma migongo ya watu wazima watano kwa siku, miaka kumi mfululizo. Kikisagika hakirudi kama zamani.

Maji, taulo, mafuta

Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kishikio chake chembamba kinakufanya ubane vidole njia nzima. Misuli inayobana hapo ni ileile utakayoihitaji saa moja baadaye. Maji yaletwe jioni, baada ya kazi, si asubuhi. Kama kuna kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, au wa mkokoteni, mlipe ayalete, na hesabu pesa hiyo kama gharama ya kazi sawa na mafuta na sabuni. Ukilazimika kubeba mwenyewe, tumia bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, na vizungushie vishikio kitambaa mpaka viwe na unene wa mpini wa jembe. Kishikio kinene kinapunguza kubana.

Kukamua taulo ni kubaya kuliko kubeba maji, na wachache wanalijua hilo. Mikono inapinda kila mmoja upande wake, gumba limebana, kifundo kimekunjwa: ni mwendo uleule unaochokoza kano mbili za gumba zinazopita ubavuni mwa kifundo. Zungushia taulo kwenye nguzo au bomba lililo imara, shika ncha zake mbili kwa pamoja, kisha isokote kwa kugeuza mwili wote huku mikono imetulia. Au ikanyage kwa miguu safi ndani ya beseni. Au uitundike inachuruzika, ijikaushe.

Nafuu kubwa zaidi ni kupunguza taulo. Kwa mteja mmoja vitenge viwili na taulo moja ndogo vinatosha: kitenge kimoja cha kulalia, kimoja cha kufunika, taulo ya kufutia mafuta. Kitenge kilicholowa ni chepesi, na hata msimu wa mvua hukauka mapema.

Sasa mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, na asubuhi nyingi joto haliifikii namba hiyo. Ukianza na mafuta mazito, ngozi inakwama chini ya kiganja na wewe unaongeza nguvu bila kujua. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto dakika 10 kabla mteja hajafika, kisha jaribu tone moja upande wa ndani wa kifundo chako. Au changanya nusu nazi, nusu alizeti. Mchanganyiko huo hauwi mgumu upesi.

Kipimo cha mgongo mzima ni vijiko vya chai 2 hadi 3, yaani mililita 10 hadi 15. Wengi humimina zaidi wakidhani wanamfurahisha mteja. Mafuta yakizidi mkono unateleza, na mkono unaoteleza hujikunja vidole utafute pa kushika. Ukiona vidole vyako vimekuwa kama makucha ya kuku juu ya mgongo wa mtu, futa mafuta kwa taulo na uendelee.

Mikono nayo ipashwe moto: dakika 3 kwenye maji ya uvuguvugu, ukifungua na kufunga ngumi taratibu mara 20.

Kitanda

Vitanda vingi vya masaji mjini hapa vimetengenezwa na seremala na vina kimo kimoja tu, na mara nyingi ni kirefu mno kwa anayekitumia. Kikiwa kirefu, mabega yanapanda kuelekea masikioni na kazi yote inabaki mikononi, kwa sababu uzito wa mwili hauwezi kushuka. Kikiwa kifupi mno, kiuno ndicho kinacholipa.

Kupima ni rahisi. Vaa viatu vyako vya kazi, simama wima kando ya kitanda kitupu, achia mikono, funga ngumi. Kwa masaji nyepesi, sponji ifike kwenye ngumi. Kwa masaji ya nguvu, shusha sentimita 5 hadi 8 zaidi, maana mwili wa mteja utaongeza kimo chake. Mtu wa mita 1.60 kwa kawaida huangukia kati ya sentimita 60 na 68.

Mkiwa wawili au watatu mnaotumia kitanda kimoja, mwambie seremala akate miguu kwa kipimo cha aliye mfupi kuliko wote, kisha atengeneze vigogo vinne vya sentimita 5 na vinne vya sentimita 10, kila kimoja kikiwa na shimo la kina cha sentimita 2 ili mguu wa kitanda uingie usiteleze. Upana usizidi sentimita 70. Kitanda kipana kinakulazimisha kuinama kumfikia mteja, na kiuno kinauma kwa sababu ya sentimita 10 zisizo na kazi. Urefu uwe sentimita 185 hivi, na mbele pawe na tundu la uso, ili shingo ya mteja inyooke nawe usilazimike kuchimba chini ya shingo iliyopinda. Sponji iwe ngumu, unene sentimita 6 hadi 8. Sponji laini inameza nguvu: unasukuma, mteja anazama, wala hasikii chochote.

Halafu kuna sakafu. Nyumba nyingi za Goma zimejengwa juu ya mawe ya volkano, mengine yakiwa ya mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002, na saruji iliyomwagwa juu yake si mara zote iko sawa. Kitanda kinachotikisika hata kidogo kinafanya mkono ukazwe muda wote, kama mtu anayeandika ndani ya gari. Weka bilauri ya maji katikati ya kitanda, kisha sukuma kila pembe. Maji yakichezacheza, kata kipande cha tairi kuukuu uweke chini ya mguu unaoelea. Mpira haukimbii kama karatasi iliyokunjwa.

Uzito usukume, mkono ufikishe

Simama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, nafasi kati yake iwe kama urefu wa hatua yako ya kawaida. Vidole vya mguu wa mbele vielekee kule mkono unakokwenda. Goti la mbele lilegee. Kitovu chako kitazame njia ya mkono. Mkono ukienda kichwani na kitovu kikitazama ukuta, mgongo umeshapinda. Kisha kisigino cha nyuma kiinuke, mwili uelekee mbele, na mkono uliokaribia kunyooka upeleke uzito huo kwa mteja. Kiwiko kisifungwe kabisa. Bega likae nyuma na juu ya kiganja, na kifundo kisikunjwe sana. Kadiri kifundo kinavyokaribia kuwa pembe mraba, ndivyo neva ya katikati ya mkono inavyobanwa.

Kuna zoezi moja linalofundisha kuliko maelezo haya yote. Tafuta mizani ya kupimia watu, iweke juu ya kitanda. Bonyeza kwa gumba mpaka isome kilo 10 na ushikilie sekunde 20. Sikiliza kinachotokea kwenye gumba, kigasha (mkono kati ya kiwiko na kifundo) na bega. Pumzika. Sasa weka kigasha chote juu yake, sogeza mguu wa nyuma, na egemea polepole mpaka isome kilo 10 tena. Utaona umefika bila kukaza chochote, na pumzi haijakatika. Pumzi ndiyo kipimo utakachobaki nacho mizani isipokuwepo: ukijikuta umebana pumzi, basi unasukuma kwa misuli.

Kigasha ndicho chombo kikuu cha mgongo na mapaja. Tumia sehemu yenye nyama, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye ncha ya kiwiko, kiganja kikining'inia kimelegea. Ncha yenyewe ya kiwiko usiiweke juu ya uti wa mgongo, juu ya figo, nyuma ya goti wala mbele ya shingo. Ngumi laini ni chombo cha pili: vidole vimefungwa bila kukazwa, kifundo kimenyooka kana kwamba mfupa wa mkono unaendelea hadi kwenye vifundo vya vidole.

Gumba litumike kwa sehemu ndogo tu, kama fundo kando ya bawa la bega au katikati ya unyayo. Liwe limenyooka sambamba na mfupa wa mkono, vidole vingine vikiwa karibu nalo, na mkono wa pili ukikaa juu yake kusukuma. Gumba la chini linaelekeza tu. Gumba lililotanuliwa pembeni na kupinda nyuma kwenye kiungo cha ncha ndilo linaloharibika. Kikomo chetu ni dakika 5 za gumba katika saa nzima.

Saa yenyewe tunaigawa hivi: dakika 5 za kukandamiza kwa viganja juu ya kitenge, bila mafuta, dakika 20 za mgongo, karibu zote kwa kigasha, dakika 15 za miguu kwa ngumi na kigasha, dakika 10 za mikono na mabega, dakika 10 za shingo na kichwa, ukiwa umekaa kwenye kiti. Kukaa huko kusipuuzwe. Kazi ya uso, kichwa na unyayo haihitaji uzito wa mwili, kwa hiyo hakuna faida ya kuifanya ukiwa umeinama.

Mteja anaposema, "Dada, ongeza nguvu," wengi huongeza kasi na gumba. Fanya kinyume: punguza mwendo hadi nusu. Mkono unaopita polepole unaingia ndani zaidi kwa uzito uleule, kwa sababu misuli ya mteja inapata muda wa kulegea. Uliza kwa namba: "Mama, toka moja hadi kumi, hapa tuko ngapi?" Akisema sita au saba, mpo pazuri. Anayetaka kumi kila wiki anajiumiza mwenyewe na anakuumiza wewe, na ni haki yako kumwambia kwa heshima: "Papa, nguvu hii ndiyo inayokufaa; nikizidisha, kesho utaamka na maumivu."

Kwa anayesafisha miguu na kucha, kosa ni lilelile la kuinama. Usikae kwenye kigoda cha chini huku mteja ameketi kiti cha kawaida na mguu wake uko sakafuni. Muinue mteja: kiti chake kiwe juu ya jukwaa la mbao la sentimita 30, au mguu wake uwe juu ya kigoda chenye mto mbele ya tumbo lako. Kishikio cha kifaa cha kuondoa ngozi ngumu kikiwa chembamba, kizungushie utepe wa mpira.

Wateja wangapi kwa siku

Masaji nne za saa moja kwa siku ni kipimo kizuri cha mtu mzoefu. Tano ziwe za siku moja moja, si desturi. Kati ya mteja na mteja ziwepo dakika 15, na dakika hizo zisiishie kwenye kufua. Anayeanza kazi aanze na wawili kwa siku kwa wiki mbili, kisha watatu. Kano huzoea mzigo polepole kuliko misuli: wiki ya tatu misuli inajisikia imara na kano bado iko nyuma, na hapo ndipo vijana wengi wenye bidii huumia.

Tunajua malipo ya kazi hii mara nyingi ni asilimia kwa kila mteja, na kukataa mteja wa sita ni kukataa chakula. Basi zungumza na mwenye saluni mambo ambayo hayamgharimu: usipangiwe masaji mbili za nguvu mfululizo, kati yake iingie ya uso au ya miguu, vigogo vya kitanda vibadilishwe kila anapobadilika mkandaji, anayefua leo asiwe yule mwenye wateja wengi. Mwenye saluni mwenye akili atakubali, kwa maana mkandaji mwenye mkono mbovu hukaa nyumbani wiki nyingi.

Simu nayo ihesabiwe. Kuandika ujumbe kwa gumba usiku kucha baada ya masaji nne ni kuendelea na kazi bila malipo. Tuma sauti.

Maumivu yakishaanza

Tofautisha uchovu na jeraha. Uchovu umeenea pande zote mbili, ni mzito, na unaondoka ukilala. Jeraha lina mahali pake, linachoma au linatia ganzi, na asubuhi bado lipo.

Maumivu ya kifundo upande wa gumba: kunja gumba ndani ya kiganja, funga vidole juu yake, kisha shusha kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Ikichoma vikali juu ya kifundo upande wa gumba, huenda ni zile kano mbili zilizovimba ndani ya ala yake. Daktari wa Uswisi Fritz de Quervain aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mama wanaonyonyesha hupata huohuo kwa kuinua mtoto. Kwa hiyo mkandaji aliyejifungua karibuni ajilinde mara mbili.

Ganzi kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa usiku: kutanisha migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, sekunde 60. Ganzi ikija hapo, neva ya katikati inabanwa kwenye kifundo. Ganzi ya kidole kidogo inatoka kwingine, mara nyingi kwenye kiwiko, kwa kuegemea ncha yake au kulala mkono umekunjwa. Maumivu nje ya kiwiko unapoinua sufuria au kukamua kitambaa ni ya kano zinazoinua kifundo. Majaribio haya yanaelekeza tu. Hayachukui nafasi ya daktari.

Siku mbili au tatu za kwanza, acha kinachochokoza. Barafu haipatikani kila mara umeme unapokatika, lakini kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, dakika 10, mara tatu kwa siku, kinatuliza vizuri. Ukakamavu wa asubuhi usio na uvimbe unataka maji ya uvuguvugu. Usiku, kifundo kilale kimenyooka: kata kartoni ngumu ya sentimita 20 kwa 8, ifunge kwa bendeji upande wa kiganja toka katikati ya kigasha hadi kabla ya vidole, bila kukaza. Kwa kano za gumba, kifungo kishike na gumba lenyewe, kwa hiyo tafuta kile kinachouzwa tayari famasi.

Kwa kiwiko kinachouma nje, kinachosaidia ni mzigo mdogo unaoongezwa polepole. Weka kigasha mezani, kiganja kikitazama chini nje ya ukingo, shika chupa ya nusu lita yenye maji. Inua kifundo kwa kusaidiwa na mkono wa pili, achia msaada, shusha kwa sekunde 4. Mara 15, mizunguko 3, siku moja baada ya nyingine. Maumivu ya tatu kati ya kumi yanavumilika iwapo kesho yake asubuhi yameisha. Yakizidi, punguza maji chupani.

Kuhusu dawa: paracetamol isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ibuprofeni na diklofenaki hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo wala mjamzito. Na sindano ya diklofenaki ya asubuhi ili umalize wateja wa siku ni hatari zaidi ya maumivu yenyewe: inazima kengele huku moto unaendelea.

Nenda kwa mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, au kwenye hospitali yenye idara ya mifupa, kama ganzi imepita wiki mbili, kama unaangusha vikombe, kama nyama ya chini ya gumba imeanza kupungua, au kama kidole kinakwama kikikunjwa. Kiungo chekundu, cha moto, na homa juu yake: siku hiyohiyo. Maumivu ya kiuno yanayoandamana na ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo: saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kurudi kazini kufanyike kwa ngazi. Wiki ya kwanza, mteja mmoja kwa siku, kigasha tu, masaji nyepesi. Wiki ya pili wawili, ngumi laini ikiongezwa. Wiki ya tatu watatu, na gumba dakika 1 kwa kila saa. Kila ngazi ipimwe asubuhi inayofuata: fungua kifuniko cha chupa ya mafuta kwa mkono uliouma. Ukiweza bila kuchomwa, panda. Ukichomwa, baki ulipo siku tatu zaidi, na bidoni na taulo zibaki kwa mwingine mpaka wiki ya nne.